Mi Bemol Nyuma ya Pazia

23 Novemba

Mvua ya kwanza. Imeingia kwa mlango na kulowesha sare tatu za kwaya nilizokuwa nimezikata asubuhi. Bwana Kachale aliniambia niandike kila siku nimesikia nini. Haya: leo nimesikia mvua, na matusi yangu mwenyewe.

Niandike na ilivyoanza, nisije nikasahau kwamba nilijiingiza humu kwa mdomo wangu. Bwana Kachale anaongoza bendi ya kanisa moja la Lilongwe, Old Town, nyuma ya soko la Tsoka. Tangu nilipokuwa naishi mjini humo, mtaa wa Mtandire, na cherehani yangu, njo mimi, yaani ndiye mimi, ninayewashonea makoti. Wiki iliyopita nilipeleka makoti, nikaona juu ya meza klarineti ndogo, fupi kama mwiko, haina mwenyewe. Nikasema, mimi niliipiga kubwa yake, ya si bemol, miaka sita katika fanfari ya masista, bendi yao ya kupuliza, kule Bukavu. Wakanipa mkononi. Nikapuliza. Mpiga tarumbeta akaziba masikio, wengine wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Bwana Kachale hakucheka. Aliniambia, "Vidole vinajua. Kabla hujapuliza, kichwani unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Basi ndicho ulichotoa."

Kwa maelezo yake, hii ndogo, inayoitwa ya mi bemol kwa noti yake, ukiipuliza bila kuwa na sauti yake kichwani inakuwa filimbi ya refa. Lazima kwanza uipate sauti ya mfano, uibebe, halafu mdomo uifuate. Na mimi sijawahi kuisikia ikipigwa na mtu anayeijua, maana fanfari yetu haikuwa nayo. Amenikopesha klarineti mpaka tarehe 15 Machi. Siku hiyo nitapiga mbele yake na wazee wa kanisa. Sauti ikiwepo, kiti cha mstari wa pili ni changu kuanzia Pasaka, na barua ya kuniombea nirudi kukaa mjini, tulikoondolewa wakimbizi, ataandika yeye. Isipokuwepo, narudisha klarineti.

Nina miaka arobaini na sita. Nakitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka ndege ya kwenda Ulaya, na ile ndege niliitaka sana.

26 Novemba

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, tunaishi wawili, mimi na baba mkwe wangu, chumba kimoja, pazia la kitenge katikati. Alexis mume wangu alikufa miaka mitatu iliyopita akaniachia cherehani na baba yake. Binti yetu Amanda alipanda ndege na mumewe, yuko Norway. Mzee ni wa Walungu, karibu na Bukavu, wa zamani kabisa. Kwao mke wa mtoto haketi uso kwa uso na baba mkwe, na jina lake halitamki hata akiulizwa na polisi. Kwa hiyo siliandiki hata hapa. Akitaka kutoka anakohoa, nami nageukia ukuta. Mimi nikitaka kusema naye natikisa pazia mara mbili, ndipo naongea. Chakula nakisukuma kwa chini. Zaina, jirani yetu wa Kindu anayeuza samaki wakavu, anasema tunaishi kama mfungwa na askari, ila bado hajajua askari ni nani.

Leo nimetikisa pazia nikasema, "Baba, naomba ruhusa ya kupiga kelele kidogo." Nikapanda noti nane, nikashuka nane. Nyuma ya pazia akasema, "Mi bemol iyo."

Sikuwa nimemwambia.

"Baba anaijua?"

"Nilikuwa naipigaka. Miaka kumi na moja, fanfari ya kiwanda." Kisha akaongeza, "Lakini ile unapiga, haiko ile." Siyo ile, kwa lugha ya kwetu.

Miaka mitatu nampikia mtu huyu. Alexis mwenyewe hakuwahi kunieleza.

27 Novemba

Haiko ile.

28 Novemba

Mvua. Haiko ile.

2 Desemba

Nimemuuliza, "Baba, ile ikoje?"

"Ile ni ile."

"Kali? Nene? Ya juu?"

"Mama Amanda, we unaweza kunieleza chumvi?"

Nikakasirika, nikaisukuma klarineti chini ya pazia pamoja na sahani ya maharage, anionyeshe basi. Nikasikia pumzi inapita, mate, vidole vinabonyeza vifungo bila kukosea, lakini sauti hakuna. Akairudisha kwa chini. "Meno yamekwisha," akasema. "Midomo haishiki." Nikaanza kuifuta kabla hajamaliza kukohoa, kisha nikaona aibu, maana pengine alisikia kitambaa.

7 Desemba

Amanda ametuma rekodi. Mwanamume fulani wa Ulaya anapiga mi bemol peke yake, dakika tano. Niliweka simu juu ya cherehani nikasikiliza mpaka moto wa betri ukaisha. Sasa nina sauti ya mfano. Nimemwambia Zaina, akasema afadhali, maana ile kuku yangu, yaani klarineti, aliona ningeichinja siku yoyote.

14 Desemba

Siku saba sipigi kitu kingine. Nasikiliza simu, napuliza, nasikiliza, napuliza. Imenaswa. Nyembamba, ya puani, ya kukata, sawasawa kabisa na simu. Nimetikisa pazia kwa furaha nikapiga.

"Iyo ni ya radio," Mzee akasema. "Haiko ile."

Nimemwambia mambo ya siku hizi yamempita. Nimemwambia kwa heshima, lakini nimemwambia.

19 Desemba

Mzee anaumwa malaria. Siku ya tatu ya dripu ya kinini. Nimelala chini kando ya kitanda chake hospitalini nikiangalia ukuta. Anasema masikio yanamlilia, kama nzige wamo ndani. Muuguzi anasema dawa hiyo hufanya hivyo, itapita. Sijagusa klarineti.

25 Desemba

Noeli. Amekula wali. Saa kumi, saa yetu ya mazoezi, amegonga fimbo mwenyewe, anataka nipige. Nimepiga. Haiko ile. Nimefurahi kuisikia, mjinga mimi.

8 Januari

Zaina amekuja amenuna. Alipita kumletea Mzee usipa, dagaa wa hapa, akapiga hodi mara tatu, Mzee yuko kwenye kiti mgongo kwa mlango, hageuki. "Kama hataki samaki ya Mwislamu aseme," akaniambia. Nimemwomba radhi. Nimemwambia Mzee ana kiburi cha Walungu, hata padri alikuwa anamjibu akipenda. Samaki amewala wote.

18 Januari

Nimeenda Lilongwe kupeleka makoti. Ruhusa ya kutoka kambini ya siku moja, mara moja kwa mwezi. Bwana Kachale aliniambia nimpigie kidogo. Nikampigia. Akauliza, "Nani amekufundisha kupiga simu?"

Nilidhani ananitania. Akachukua ile rekodi ya Amanda, akaiunganisha na spika zao za mikutano, kila moja urefu wa mlango.

Sijui niandikeje. Ilikuwa ni kitu kile kile nilichokisikiliza tangu Desemba, na hakikuwa hicho. Kumbe chini ya ile kali kulikuwa na nyingine, nene, yenye joto, kama mama anavyoita watoto toka mbali bila hasira. Simu ilikuwa inaimeza hiyo, inaniachia mifupa. Mwezi mzima nilijifunza mifupa. Nililia, niseme tu. Makoti yalikuwa bado mkononi.

Dakika mbili hivi, umeme ukakatika. Bwana Kachale akasema, "Sasa hivi. Usifikiri, piga." Nikapiga. "Umekaribia," akasema. "Itunze hiyo. Usiongee na mtu mpaka ufike kwenu."

Wamalawi wana adabu. Ukimmwagia mtu supu shati zima atakuambia zikomo, yaani asante. Sikumwamini sana, lakini nilitii. Tsoka nilipita kimya, wanawake wa Bukavu wanaouza viazi wakaniita kwa jina, nikapita kama sijazaliwa kwetu. Nilikuwa nimebeba kitu kichwani na naogopa kukimwaga. Kwenye njia panda ya kambi nikachukua kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Mwendeshaji amefunga radio kwenye usukani. Nikamwomba azime. Akasema radio njo inampa nguvu ya kupanda mlima. Nikashuka, nikatembea. Mvua ikaanza, ikapiga mabati ya vibanda njia nzima. Nikaziba masikio kwa vidole, watu wananiangalia.

Nilifika na nusu. Nikatikisa pazia na viatu miguuni, nikapiga ile nusu haraka kabla haijaisha.

"Haiko ile."

Leo ni mara ya kwanza nimemchukia.

19 Januari

Haiko ile.

20 Januari

Haiko ile. Mvua imebomoa choo cha Zaina.

24 Januari

Nimefikiri sana. Yule wa kwenye rekodi simjui, hanijui, na spika ziko Lilongwe. Bwana Kachale alisema nimekaribia, lakini yeye ni mtu wa adabu. Mzee hajawahi kumdanganya mtu kwa adabu maisha yake yote. Ameipiga miaka kumi na moja, kwa hewa ya kwetu, na yuko hapa kila siku saa kumi. Mabwana wawili hawawezi kunitawala mdomo mmoja. Namfuata Mzee.

Nimefuta rekodi ili isinivute.

1 Februari

Nimelegeza midomo. Haiko ile.

2 Februari

Nimekaza midomo. Haiko ile.

5 Februari

Nimejaribu kufungua koo kama naimba besi. Zaina amekuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

9 Februari

Anshi, yaani ule ubapa wa tete unaotetemeka mdomoni, nilipewa mbili. Unyevu wa mvua hizi umeivimbisha moja, imepinda kama kucha. Imebaki moja. Nimejaribu kuchonga nyingine kwa matete ya bondeni kwa wembe wa kushonea. Inatoa harufu ya bwawa na hakuna kingine.

Haiko ile, na safari hii alikuwa na haki.

16 Februari

Nimeanza kumwelewa Mzee. Nilikuwa naona ni mtu mkavu. Siyo. Anayekataa kila siku bila kuchoka anakuamini, la sivyo angeshasema basi, inatosha, nipe chai. Alexis hakuwa na subira hii, wala mimi. Leo nilipiga mara nne, mara nne akangojea mpaka mwisho kabisa wa kipande cha wimbo tunachorudia kila siku, hakunikata hata noti moja. Ndipo anasema. Sijapata mwalimu wa hivyo, hata kwa masista.

Naogopa tu tarehe.

20 Februari

Zaina ananisaidia kuchambua vifungo na uzi. Amesema, "Mama Amanda, ile ya mwezi jana, ya siku ulirudi na mvua, njo ilikuwa nzuri. Mi nilikuwa nasinzia nayo. Hii ya sasa inanipandisha nywele."

Nimemwambia samaki na muziki havikauki kwa jua moja. Amecheka. Ni mtu mzuri Zaina, sijui kwa nini mwaka mzima nilimwona msumbufu. Lakini muziki hajui.

27 Februari

Haiko ile. Ulimi una kidonda.

3 Machi

Mzee anakula kidogo sana. Asubuhi nimesikia akicheka peke yake. Zimebaki siku kumi na mbili. Leo nimejaribu kuikumbuka ile sauti ya ukumbini, kwa dharura tu, niwe nayo akiba. Sikuikuta. Nimekumbuka spika, nimekumbuka koti lilikuwa na vifungo vya shaba, nimekumbuka kwamba nililia. Sauti yenyewe haimo.

8 Machi

Haiko ile. Mvua ya upepo, imeng'oa plastiki ya dirisha.

11 Machi

Nimeandika tarehe, kisha nimekaa nikiiangalia.

Anshi ya mwisho ilipasuka asubuhi. Nimeifunga kwa uzi, imegoma. Saa kumi nilikaa mahali pangu nimwambie Mzee kwamba leo hakuna mazoezi. Klarineti ilikuwa mapajani, mdomo wake nimeuchomoa kabisa, uko juu ya cherehani. Nikatikisa pazia mara mbili. Sijafungua mdomo wangu bado, upande wa pili akasema, "Ngojea."

Nikangojea. Nilisikia kuku wa Zaina, na mtu akipasua kuni. Ukapita muda wa kipande kizima. Kisha akasema pole pole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Njo ile."

"Baba?"

"Njo ile, Mama Amanda. Umeipata. Usiache, endelea."

"Baba, sijapiga."

"Endelea."

Nikasema tena kwamba sijapiga. Nikasema kwa nguvu, mpaka Zaina akaitika kutoka kwake akidhani namwita. Nyuma ya pazia Mzee alikuwa anapiga kidole kwenye mbao za kiti, moja, mbili, tatu, anafuata wimbo. Nikafanya kitu ambacho mama yangu angenizabia kibao. Nilimwita kwa jina. "Apollinaire," nikasema. Nikasogea mpaka kitambaa kikanigusa pua, nikasema tena, "Apollinaire." Mzee wa Walungu, mke wa mtoto wake anamtaja jina mchana kweupe. Kidole hakikusita hata kidogo.

Nimerudi nyuma katika daftari hili. Novemba alisikia, hilo nina hakika, aliitambua mi bemol bila kuambiwa. Desemba 14 alisikia, alisema ni ya radio. Desemba 19 nimeandika kwa mkono wangu kwamba masikio yanamlilia. Januari 8 Zaina alikuja akanieleza, nikasema ni kiburi, nikamsukumia samaki. Tangu hapo sijui kama amesikia chochote. Kila siku natikisa pazia, anaona kitambaa kinacheza, anajua nimeanza. Anangoja kipande kiishe kichwani mwake, na anasema. Nilimsifu humu humu kwa kungoja mpaka mwisho.

Ile sauti anayo. Ameketi nayo pale, hatua mbili kutoka hapa, anaisikia vizuri kabisa, na hakuna njia ya kuitoa. Na mimi kwa ajili yake nilifuta rekodi, nikaibomoa ile ya Januari, siku baada ya siku, kwa bidii. Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Hakunidanganya. Nilipouliza alisema ile ni ile.

12 Machi

Sina cha kuandika, wala sikushona.

15 Machi

Bwana Kachale alinipa anshi mpya. Wazee wa kanisa walikuwa wanne, waliketi na kofia magotini. Umeme ulikuwepo, taa zote zinawaka. Kabla ya kupuliza nilitafuta kichwani kama alivyonifundisha. Nilikuta mtu anasema haiko ile. Nikapuliza hiyo.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa anaangalia kiatu chake tangu noti ya tatu.

Bwana Kachale alinitoa nje, tukasimama karibu na tangi la maji. Akasema, "Januari, umeme ulipokatika, ulikuwa umebakiza kidogo sana. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, tumempata mtu wetu. Ulipatwa na nini?"

Nilitaka kumweleza. Ningeanzia wapi, kwenye pazia, au kwenye samaki?

"Nilikuwa na mwalimu," nikasema.

Akaniambia pole, na hakuwa anafanya adabu. Nimejua leo kwamba mtu huyu hakunidanganya hata Januari. Nikaikausha klarineti ndani kwa kitambaa, nikailaza kwenye kasha lake, nikafunga ndoano zote mbili. Akasema kazi ya makoti bado ni yangu, na kwa Pasaka wanahitaji moja zaidi, la mtu watakayempata wa kiti kile. Vipimo atanitumia.

16 Machi

Nimeenda kwa Zaina anikumbushe nani anauza kitambaa cha bluu. Ameniuliza yamekwendaje, nikatikisa kichwa. Hakutania. Ameniachia usipa kwenye bakuli, akaenda.

19 Machi

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza tena barabarani.

Saa kumi Mzee aligonga fimbo. Siku nne nilikuwa naacha igonge mpaka inachoka. Leo alikohoa pia, akagonga tena, nikasikia anasogeza kiti kuelekea kwangu. Hajui kama nimerudisha klarineti. Ili kumwambia ingebidi nifungue pazia, nikae mbele ya uso wake, nimwonyeshe kwa mikono kama bubu. Nilishika kitambaa kabisa, nikakiachia.

Kisha nikakitikisa mara mbili. Nikakaa kwenye kigoda, nikainua mikono mitupu, nikaweka vidole mahali pake hewani, nikapiga kipande chote kutoka juu mpaka chini. Alingoja mpaka noti ya mwisho.

"Haiko ile," akasema.

Nikanyoosha mgongo, nikapanga vidole vizuri zaidi, nikarudia tangu mwanzo.